Donge, Kivimbe na Ndugu Zangu

Kabla sijaugua, ndugu zangu walikuwa wamekwisha kuniuguza.

Ilianza na kichwa. Kilikuwa kinaniuma upande mmoja, nikaenda hospitali Dar es Salaam, daktari akataka nipigwe picha. Picha ikaonyesha kwamba maumivu yenyewe yanatoka shingoni, kwa kuinamia cherehani tangu ujana. Ila ikaonyesha na kitu ambacho hatukukiulizia. Mshipa mmoja wa damu, kushoto, nyuma ya jicho, ulikuwa na mahali dhaifu palipofura. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Alitueleza mimi na mume wangu kwa mfano wa baiskeli: tairi likichanika kidogo, tyubu hujitokeza pale penye ufa, ikafanya kama kipele. Kivimbe namna hiyo kikiwa kidogo, mtu anaweza kuishi nacho mpaka azikwe nacho. Kikipasuka, ni hatari kubwa. Changu kilikuwa kidogo.

"Meza dawa za presha, rudi kila mwaka tukiangalie," akasema, "na endelea na maisha yako."

Hayo maneno ya mwisho mume wangu hakuyafikisha nyumbani. Sijui yalimdondoka wapi, Bunju au Mapinga. Kilichofika Bagamoyo ni kwamba nina puto kichwani.

Nyumbani kwangu yupo dada yangu mkubwa. Alifiwa na mumewe, akaja kukaa nasi, na tangu siku aliyoingia na sanduku lake hatukuhitaji serikali nyingine. Alilipokea lile puto kama amri kutoka mbinguni. Usiiname. Usibebe ndoo. Usipande ngazi. Usicheke mpaka machozi. Nikienda kwenye shughuli, wenzangu wanasimama kucheza, yeye ananishika mkono na kunikalisha kama mtoto mwenye surua. Nikibishana na mteja, anatoka uani na mwiko mkononi: "Mdogo wangu, usikasirike, utapasuka." Maneno hayo peke yake yalinikasirisha kuliko wateja wote niliopata kuwashonea.

Mimi nashona mapazia. Nina chumba cha mbele, katika nyumba ya wazee wetu mjini, na ninawashonea watu wa majumbani na hoteli za ufukweni. Kazi ya mapazia ni kupanda na kushuka. Baada ya marufuku ya ngazi, ikabidi mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kupigilia msumari ukakaa, awe ndiye anayepanda. Mimi nasimama chini, natoa maelekezo. Yeyote aliyekaa katika ndoa anajua kazi hiyo inachosha kuliko kupanda mwenyewe.

Siku niliyougua, miaka kadhaa baada ya ile picha, tulikuwa Makurunge, kwenye nyumba mpya ya mtu mmoja anayefanya kazi kwenye shamba la miwa. Ilikuwa asubuhi, jua bado halijakolea. Mume wangu yuko juu ya ngazi, amekumbatia fimbo ya pazia kama anayetaka kulala nayo. Mimi niko chini, mkasi mkononi.

"Vuta pazia, baba, usivute fimbo," nikamwambia. "Pazia! Nimesema pazia!"

Mkasi ukaanguka. Nikautazama pale sakafuni, nikashangaa nani kauangusha. Nikataka kuinama niuokote, mkono wa kulia ukakataa, ukaning'inia tu kama mkono wa shati kwenye kamba. Nikafungua kinywa nimwambie mume wangu: shuka, mwenzio sijiwezi.

"Pazia," nikasema.

Akavuta pazia.

Sivyo nilivyotaka. Nikajaribu tena. Maneno yalikuwepo, nayaona kabisa yamejipanga: shuka, nisaidie, mkono wangu. Lakini mlangoni lilikuwa limesimama neno moja, na kila nikisukuma linatoka lilelile.

"Pazia."

"Si nimevuta?" akasema bila kugeuka. "Unataka hili au lile?"

"Pazia. Pazia."

"Mke wangu, na wewe nawe! Sema basi lipi!"

Alipogeuka, akaona uso wangu umeporomoka upande mmoja. Akashuka ile ngazi kwa namna ambayo ilikuwa bahati tu kwamba hatukuwa wagonjwa wawili.

Akanikokota mpaka kwenye gari letu. Kutoka Makurunge mpaka hospitali ya wilaya ni njia moja iliyonyooka. Mtu yeyote angekwenda hospitali. Mume wangu alimpigia simu dada.

"Mlete nyumbani kwanza," dada akasema, na sauti yake ilijaa gari zima. "Mlete tumwone."

Tumwone! Kama vile mimi ni kitambaa, nitandazwe, wakubaliane rangi. Mimi nimeegemea mlango wa gari, naelewa kila kitu, namwambia mume wangu kwa nguvu zangu zote tusiende nyumbani, kinachotoka ni pazia, pazia, naye ananijibu huku analia: "Ndiyo, mama, tutayarudia kesho, usihangaike na mapazia."

Nikapelekwa nyumbani.

Walikuwa wamekwisha kujaa. Nililazwa kwenye mkeka sebuleni, kanga ikatupwa juu yangu. Simu ya dada ilikuwa imewekwa sauti kubwa, na ndani yake yumo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mwenye duka la dawa Vigwaza. Shemeji alisoma kozi fupi ya kuuza dawa, na tangu alipotoka huko haongei ila kama bingwa. "Puto limepasuka," akatangaza kutoka Vigwaza, bila kuniona. "Msimtikise. Mkimpandisha gari mtamuua. Mlazeni hivyohivyo, kichwa kielekee juu."

Hakuna aliyemuuliza umejuaje. Dada akaleta bakuli la maji ya asali na habbasoda na kijiko cha chai, akaninyanyua kichwa. "Kunywa, mdogo wangu, bismillahi." Upande mmoja wa koo langu ulikuwa umelala. Maji yakaenda njia isiyo yake. Nikakohoa, nikapaliwa, nikaona nyota, na dada akawaambia watu: "Mnaona? Kinatoka! Hicho kitu kinatoka!"

Sina ugomvi na dua wala na asali. Lakini nimewahi kufikiri kwamba ningekufa asubuhi ile, ningekufa kwa kijiko cha chai.

Aliyeniokoa ni shehe wa mtaa wetu, kijana bado, waliyemwita aniandikie kombe. Alikuja na kisahani chake na zafarani ya kuandikia aya, zioshwe ninywe. Akanitazama uso, akainua mkono wangu wa kulia, akauachia, ukaanguka. Akakirudisha kisahani mfukoni.

"Amekuwa hivi tangu saa ngapi?"

Mume wangu akamwambia ni tangu tulipokuwa kwenye mapazia, Makurunge.

"Na mmekaa naye hapa mnangoja nini?"

"Tunakungoja wewe, shehe," dada akasema.

"Mimi dua nitasoma ndani ya gari. Mungu anasikia hata barabarani. Mnyanyueni."

Dada akaanza kusema kuhusu puto. Shehe alikwisha kunishika miguu.

Hospitali ya wilaya hawakutuchelewesha. Daktari aliuliza mara ya mwisho kuonekana mzima ni saa ngapi, akaandika. Mume wangu aliposema kuhusu kivimbe, daktari akatoka nje kupiga simu Dar. Akarudi, akasema hospitali kubwa wana watu wanaoweza kulishughulikia jambo hili, na gari la wagonjwa liko tayari, na kila dakika inayopita ni sehemu ya ubongo inayokosa damu. Alilisema hilo la mwisho akimtazama dada.

Kuhusu ile safari sitasema mengi. King'ora kililia kutoka Bagamoyo mpaka Tegeta, na kuanzia Tegeta kikawa kinalia tumesimama. Watu wa mji ule wanasikia king'ora wanadhani ni redio ya mtu. Nesi aliyekuwa nasi alifungua dirisha, akawatukana madereva kwa ufasaha ambao niliuonea wivu, mimi ambaye nilikuwa nimebakiwa na neno moja, na tena halitukani.

Tulipofika, wa kwanza kutupokea mlangoni alikuwa shemeji. Ametoka Vigwaza kwa barabara ya Morogoro na ametutangulia. Amevaa koti, kama daktari.

Nikapigwa picha ya kichwa, wakanitia dawa mshipani ili mishipa yote ionekane, nikarudishwa kwenye kitanda cha magurudumu, kwenye chumba chenye pazia la plastiki lililoshonwa vibaya. Daktari akaja. Alikuwa mwanamke, wa umri wa binti yangu labda, amechoka machoni. Akawaamkia shikamoo mume wangu na dada, akaitikiwa, kisha akaanza kuwaeleza wao, kwa kuwa ndio waliokuwa wanaongea.

"Kile kivimbe hakijapasuka," akasema. "Hakuna damu iliyovuja. Kilichompata mama ni kitu kingine. Donge la damu limetoka mahali, nadhani kwenye moyo, maana mapigo yake hayaendi kwa mpangilio, likapanda na kuziba mshipa mkubwa upande wa kushoto. Upande huo ndio wenye maneno, na ndio unaouendesha mkono wa kulia."

"Kuna sindano ya kuyeyusha donge," shemeji akaingilia. "Mpeni."

"Ipo. Lakini muda wake umekwisha kupita, mmechelewa. Na donge kubwa kama hili, hata ile sindano mara nyingi hailiwezi. Njia iliyobaki ni kulifuata na kulitoa. Tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, tunaupandisha mpaka kichwani, tunalivuta."

"Kichwani," dada akasema. "Kwenye puto."

Daktari hakumficha. Akasema ndiyo, hapo ndipo penye ugumu. Kivimbe kiko kwenye njia hiyohiyo. Donge liko mbele yake. Kulifikia lazima upite mlangoni kwa kivimbe, na ncha ya waya ikiteleza ikaingia humo, inaweza kukitoboa. Akasema jambo hilo linafanyika, kwamba wagonjwa wenye vivimbe vidogo vya namna hii wanatolewa madonge na wengi wanatoka salama, kwamba anajua kivimbe kiliko na atakwenda kwa tahadhari. Lakini hawezi kuapa.

Hapo ndipo baraza lilipoanza.

Shemeji akasema katika ujuzi wake hajawahi kusikia mtu akipitisha waya kando ya puto. Dada akasema bora abaki na mdomo wake wa upande kuliko kumpeleka akiwa mzima na kumrudisha ndani ya jeneza. Mume wangu akauliza kama inawezekana kusubiri mpaka kesho, wajomba wa Pangani wafike. Daktari akasema kesho donge litakuwa limekwisha kuua lilichotaka kuua. Dada akasema sisi kwetu hatukimbizwi. Shemeji akauliza daktari alisomea wapi.

Nami nimelala katikati yao. Sijui kama naweza kueleza ile hali. Kichwa kinachozungumziwa ni changu. Donge ni langu, puto ni langu, na mkono unaokufa pale juu ya shuka ni ule ulionilelea watoto kwa cherehani. Na kila mtu katika chumba kile alikuwa na maoni isipokuwa mimi. Nilikuwa nimekwisha kuamua tangu daktari alipotamka neno kulitoa. Litoeni! Mkinitoboa, nimetobolewa. Kuishi miaka iliyobaki na neno moja, dada akinijibia kila swali, ndiko kulikonitisha.

"Pazia!" nikapiga kelele.

Wote wakanigeukia.

"Masikini," dada akasema. "Akili imekwenda. Tangu asubuhi ni mapazia tu."

Daktari akawapa mgongo. Akainama karibu na uso wangu, akauchukua mkono wangu wa kushoto, ule mzima.

"Mama, shikamoo. Unanisikia? Kama unanisikia, bana mkono wangu."

Nikabana.

"Anabana tu," dada akasema. "Hata mtoto mchanga ukimpa kidole anabana."

"Haya. Mama, bana kama wewe ni mwanamume."

Nikauacha mkono wangu umelegea.

"Bana kama huyu mama hapa nyuma yangu ni binti yako."

Sikubana.

"Bana kama ni dada yako."

Nikabana mpaka daktari akakunja uso. Nguvu ya miaka yote ya usikasirike iliingia mle.

Basi akanieleza upya, mimi, kama ambavyo angemweleza mtu aliyekaa kitini. Akanieleza donge, na njia, na kivimbe, na kinachoweza kuharibika. Hakuniambia nisiogope. Akauliza: "Unataka tulitoe? Bana kama unataka." Nikabana. "Nikuulize mara ya pili, maana ni jambo kubwa." Nikabana tena, na safari hii sikumwachia.

Mume wangu akasogea. Nilijua anatafuta simu mfukoni ampigie mtu. Akaitoa, akaitazama, akairudisha. "Ameshasema," akasema. "Na mimi nimekubali. Mchukueni."

Dada akakaa chini sakafuni na kujifunika buibui usoni. Nilimsikia akisoma Yasin mpaka mlango ulipofungwa baina yetu.

Kule ndani kulikuwa na baridi. Hawakunilaza usingizi kabisa. Walinipa dawa ya kunituliza, wakanichoma ganzi kwenye kinena, wakakifunga kichwa changu kisigeuke. "Usitikisike, mama," daktari akasema, na mahali pengine ningecheka, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa nimelifanyia mazoezi miaka yote nyumbani kwangu.

Sikuona walichokifanya. Niliona taa, na ukingo wa skrini, na macho ya daktari juu ya barakoa. Mengine alikuja kunieleza yeye baadaye, kliniki, kwa sababu nilimuuliza na kumuuliza mpaka akanichorea. Anasema ncha ya waya wake aliikunja kama ndoano butu, ili ikigusa ukuta wa mshipa iteleze badala ya kuchoma. Alipofika kwenye kivimbe alikwenda kama anayepita mlangoni kwa mtu aliyelala. Kisha akaupitisha mrija mnene zaidi mpaka ng'ambo ya kivimbe, ukawa kama handaki, kila kitakachopita kisikiguse tena. Upo wavu mdogo wa kunasia madonge, lakini wavu unaburutwa, na yeye hakutaka kuburuta kitu mbele ya kivimbe changu. Akachagua kufyonza. Ncha ya mrija ikaligusa donge, mashine ikavuta.

Nilichokisikia mimi ni mwenzake akisema: "Nusu."

Nusu! Hata huko ndani, na dawa zao kichwani, nilipandwa na hasira. Nimetoka Makurunge, nimenyweshwa asali puani, nimesimama Tegeta, nimetahiniwa kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha nusu?

"Tunarudi," daktari akasema. "Polepole hapo. Polepole. Hapo, shika hapo."

Mashine ikavuta tena. Kisha dawa ya picha ikapita kichwani mwangu kama uji wa moto.

"Limetoka lote."

Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanaangalia kitu kingine. Nilijua wanakiangalia nini, na nikakaa pale nikingoja kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Kisha daktari akashusha pumzi ndani ya barakoa yake.

"Kivimbe kiko salama. Hakijavuja. Mama, nyanyua mkono wako wa kulia."

Mkono ukanyanyuka. Si sana. Kiasi cha kuinua kona ya shuka. Lakini ulinyanyuka ulipoambiwa, na nililia bila sauti, nikiogopa kukitikisa kichwa.

Maneno yalikawia zaidi. Nilipotolewa bado nilikuwa na lile moja. Siku ya pili nikapata maji, na hapana, na jina la Mwenyezi Mungu. Mume wangu alikuwa amekaa kando ya kitanda, hajanyoa, shati lile la ngazini bado mwilini.

"Nilikupeleka nyumbani kwanza," akaniambia. "Ningekwenda moja kwa moja hospitali. Sindano ile ungeiwahi, labda. Nimekaa hapa sifikirii kingine."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba alikosea, ndiyo, na nilimkasirikia njia nzima. Kwamba nilimwona pia alipoirudisha simu mfukoni. Nikayapanga yote vizuri, nikavuta pumzi.

"Mjinga," nikasema.

Akacheka mpaka nesi akaja kumnyamazisha, kisha akauweka uso wake kwenye shuka langu na kulia.

Watu hudhani ukishatolewa donge umekwisha kupona. Kumbe ndiyo kwanza unakabidhiwa kazi. Nilirudi Bagamoyo nikiwa natembea, mguu mmoja ukifikiri kabla ya kwenda. Kijiko nilikiita ufunguo. Mto niliuita mkate. Mtaalamu wa mazoezi alisema nipewe muda nitafute neno mwenyewe, na hilo ndilo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyeliweza. Nikifungua kinywa tu, dada amekwisha kunimalizia. Nasema "nataka," yeye anasema "uji." Sitaki uji! Nataka dirisha lifunguliwe, na kabla sijalifikia neno dirisha, uji umekwisha kuwa mbele yangu. Nilikunywa uji mwingi sana mwaka ule.

Na mjini, habari zikageuka. Dada anawaambia wageni kwamba yeye alikubali tangu mwanzo, ila shemeji ndiye aliyekuwa mgumu. Shemeji, nasikia, anawaambia wateja wake Vigwaza kwamba ule mrija yeye ndiye aliyeupendekeza. Mimi nakaa pale, ulimi wangu mzito, naona historia inashonwa upya mbele ya macho yangu na siwezi kuifumua kwa wakati.

Halafu likaja jambo la pili. Daktari alitaka nimeze dawa za kuifanya damu isigande, kwa sababu moyo wangu ungeweza kutoa donge jingine siku yoyote. Lakini mtu anayemeza dawa hizo, kivimbe chake kikipasuka, damu haitazuilika kwa urahisi. Akashauri kivimbe chenyewe kizibwe. Watapita njia ileile ya kinena, wakijaze nyuzi laini za chuma, damu isiingie humo tena.

Dada akaitisha kikao. Wajomba wa Pangani safari hii walifika. Wakakaa sebuleni, wakapewa kahawa na kashata, wakaanza kuzungumza habari za kichwa changu. Mjomba mmoja alisema Mungu amekwisha kukuvusha mara moja, usimjaribu. Nilikaa, nikasikiliza, nikalitafuta neno. Dada akaona nafungua kinywa.

"Anataka uji," akasema.

"Kichwa," nikasema. "Changu."

Wakanitazama.

"Mimi. Nitakwenda. Nyinyi. Kunyweni kahawa."

Ilinichukua muda mrefu kusema hayo, na sikumruhusu mtu anisaidie. Nikaenda. Kivimbe kikazibwa. Dada alinisindikiza, akasoma Yasin tena kwenye korido ileile, na nilipotolewa alinifokea kwa kumtia hofu.

Sasa naongea, ingawa nikichoka maneno yanabadilishana viti. Nimerudi kwenye cherehani. Watu wakisikia habari zangu wanakuja, na hapo ndipo ninapochoka kupita kiasi, kwa sababu hawaji kuuliza ninachoweza kuwajibu.

Miezi michache iliyopita alikuja mwanamke kutoka Miono. Nilikuwa napiga pindo. Akaingia, akanisalimia, akakaa, akaulizia nyumba, watoto, kazi, nami nikamuulizia mvua na mihogo, kama inavyopasa. Kisha akasema: "Dada, nimeambiwa wewe ulishikwa na kiharusi ukapona. Ulikunywa nini?"

"Sikunywa kitu. Nilipelekwa hospitali."

"Ndiyo, lakini dawa yenyewe. Kaka yangu tangu alfajiri mdomo umekwenda upande na mkono haufanyi kazi, tukasema tupite kwako kwanza."

Nikaacha kukanyaga cherehani. "Yuko wapi kaka yako?"

"Yupo nje. Kwenye pikapu."

Nilitoka mle ndani bila viatu. Mwanamume yule alikuwa amelazwa nyuma ya pikapu juu ya magunia, ameegemezwa kwa mke wake, jua linampiga usoni, na dereva anakula karanga. Wameipita njia ya kuelekea hospitali ya wilaya, wakamleta kwa mshona mapazia. Nikataka kuwaambia yote, na kwa ile hasira maneno yakanikimbia tena, kama siku zile za mwanzo. Nikapiga bodi ya pikapu kwa kiganja.

"Hospitali!" nikapiga kelele. "Sasa! Endesha, wewe! Usimpe maji! Usimpe kitu!"

Dada alitoka mbio na mwiko wake. "Mdogo wangu, usikasi…"

"Panda!" nikamwambia. Naye, sijui ni kwa mshangao, akapanda. Tukaenda sote, mimi peku, yeye na mwiko, mpaka pale hospitali.

Yule bwana alipigwa picha. La kwake halikuwa donge. Mshipa ulikuwa umevuja, kwa presha aliyokuwa hajui kama anayo. Hakuna mrija kwa ugonjwa wa namna hiyo, kuna njia nyingine, na walimtibu kwa hiyo. Alikaa wodini muda mrefu. Anatembea kwa fimbo, anasema kidogo kidogo, mkewe anaelewa.

Wiki aliyotoka wodini dada yake alirudi na kikapu cha viazi vitamu kunishukuru. Nikamshukuru na mimi. Akakaa kidogo, akashusha sauti.

"Ila dada, kwa nini yeye hawakumpitishia ule mrija? Au kuna namna ya kuwaomba?"

Nikamwambia akae vizuri. Nikaanza kumweleza, polepole, kwamba kuna kuziba na kuna kuvuja, na kwamba mtu hawezi kuijua tofauti kwa kutazama mdomo, wala Vigwaza, wala kwangu. Nilikuwa sijafika hata katikati, dada yangu akatoka uani na kunimalizia, na alichosema kilikuwa kimekosewa chote.